Visiki Vinachipua, Sisi Tunachimba Mashimo

Kila masika yakikaribia, magazeti yetu hujaa picha ya aina moja. Kiongozi amevaa kofia na buti mpya, ameshika mche. Nyuma yake watoto wa shule wamepangwa mstari na ndoo za maji, na pembeni kuna bango la mfadhili. Mche unashindiliwa, maji yanamwagwa, makofi yanapigwa, msafara unaondoka. Mwaka unaofuata picha inapigwa tena, na mara nyingi uwanja ni uleule.

Siku hizi picha hizo nikiziangalia, mche siuoni sana. Ninaangalia kilicho nyuma ya watu. Mpiga picha akirudi nyuma kidogo utaona visiki vya mitundu na miyombo vyenye machipukizi ya kufika kiunoni, au mabaki ya machipukizi hayo, kwa kuwa yamefyekwa jana yake ili mgeni rasmi apate pa kusimama. Kuna shule moja ya msingi, sitaitaja, ambako eneo lililokuwa limeanza kujirudishia msitu wenyewe lilisafishwa lote, likachimbwa mashimo, likapandwa mijohoro. Kiangazi kilipofika mijohoro ilikauka, na visiki vikachipua tena. Sijui ni ushahidi gani zaidi ya huo tunaoutaka.

Niseme msimamo wangu mapema ili anayetaka kubishana nami ajue pa kuanzia. Katika nchi ambayo sehemu kubwa ya misitu yake ni misitu mikavu, yaani miombo, migunga na vichaka vya pwani, kupanda miti kumekuwa njia ya heshima ya kukwepa kazi ya kutunza msitu. Tunahesabu miche huku aina za mimea zinapungua, na hesabu ya miche inatufariji. Msitu mkavu hauombi shimo jipya. Unaomba moto uzuiliwe wakati wake, mifugo ipangiwe zamu, na kijiji kinachoulinda kiwe na haki ya kula kutokana nao. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga, na sisi mbacha wetu tunaung'oa na kuuchoma moto ili msala upate nafasi.

Pori tupu lililojaa

Tathmini ya taifa ya rasilimali za misitu, ile inayojulikana kwa kifupi cha NAFORMA, ilitolewa mwaka 2015. Ilikuta Tanzania Bara ina hekta milioni 48.1 za misitu, na kati ya hizo milioni 44.7 ni misitu ya wazi, ile ambayo mtu anapita kati ya mti na mti huku jua linamfikia kichwani. Maana yake ni kwamba zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za msitu wetu ni huu ambao mtu akiupita kwa basi kati ya Manyoni na Tabora husema, "Hapa hakuna kitu, ni pori tu." Sifa, watafiti na watalii huenda Udzungwa na Usambara, kwenye ukungu na chemchemi. Sina wivu na milima hiyo, inastahili. Lakini walio wengi hawaishi huko.

Lawama nyingine ni ya macho yetu wenyewe. Mwezi wa nane msitu mkavu unaonekana umekufa: majani yamedondoka, ardhi ina majivu, vumbi linapanda. Ukirudi mwishoni mwa mwezi wa tisa utastaajabu. Mvua bado haijanyesha hata tone, wala wingu halijaonekana, lakini miyombo imeshatoa majani mapya, mekundu, ya shaba, ya rangi ya divai, kisha ndiyo yanageuka kijani. Mti umetumia akiba iliyo chini, kwenye mizizi inayokwenda mbali kuliko jembe lolote. Nyuki wanalijua hilo kuliko sisi. Wafuga nyuki wa Tabora na Sikonge huishi kwa kalenda ya maua ya miti hiyo.

Ukanda huu wa miombo unaanzia kwetu, unapita Msumbiji, Malawi, Zambia na Zimbabwe, unaingia Katanga ndani ya Kongo na kufika Angola. Wataalamu wa mimea wanahesabu humo aina zipatazo 8,500, na zaidi ya nusu yake hazioti penginepo duniani. Misitu ya pwani kuanzia kusini mwa Somalia hadi Msumbiji ni vipandevipande tu, vingine vidogo kuliko uwanja wa ndege, lakini ina aina zipatazo 4,000, na zaidi ya 1,700 kati ya hizo ni za huku peke yake.

Namba hizo zingebaki darasani kama zisingeingia jikoni. Mabungo unayoyanywa kama juisi Unguja au Lindi ni tunda la mtambaazi wa msituni, na hakuna mtu aliyelima ekari kumi za mabungo. Furu, matonga, makole na kunazi ni vitafunio vya watoto wachungaji na, katika miezi ghala likiwa tupu, ni zaidi ya vitafunio. Ukwaju na ubuyu vinauzwa Kariakoo kwa kilo, na anayeviuza hana shamba lake la mikwaju wala mibuyu. Mpini wa jembe unaodumu hautoki kwenye mkaratusi. Fundi wa kijijini atakuchagulia mkole. Kinu na mchi vina miti yake, upinde una wake, mzinga wa magome una wake, dawa ya tumbo la mtoto ina wake. Bibi anayejua aina arobaini za miti hajakariri orodha kwa ajili ya mtihani. Kila jina analolijua lilimsaidia siku fulani.

Chukua uyoga. Mvua za kwanza zikinyesha, kandokando ya barabara za Tabora na za nyanda za juu kusini utawakuta kinamama na watoto wamepanga mafungu ya uyoga wa njano kwenye sahani na ndoo ndogo. Uyoga huo haulimwi. Chini ya ardhi umeshikamana na mizizi ya miombo kwa nyuzi nyembamba sana: mti unaupa sukari, nao unauletea mti maji na fosforasi kutoka kwenye udongo uliochoka. Kata miombo yote, panda mitiki kwa mistari iliyonyooka, na takwimu za wilaya zitasema eneo limeongezewa miti. Mama wa kwenye kituo cha basi atajua kuwa mwaka huu hakuna uyoga, kwa hiyo hakuna ada ya Januari.

Mninga unavyojificha

Ninapenda sana habari ya mninga, na naomba msomaji anivumilie kidogo hapa.

Tunaujua mninga kama mlango na kitanda. Nyumba nyingi za wazee wetu zina kabati moja la mninga ambalo watoto wanagombania urithi wake. Tunda lake ni la duara, katikati limevimba na kujaa miiba migumu, pembezoni lina bawa jembamba la kupeperushwa na upepo. Mbegu ikibahatika kuota, hutoa kijiti kidogo chenye majani machache. Kiangazi kinakuja, kijiti kinakauka na kufa. Mvua inarudi, chipukizi jingine linatoka palepale. Kiangazi kinaliua nalo. Hali hiyo huendelea mwaka hadi mwaka, miaka saba, kumi, hata zaidi. Anayepita juu atakuapia kwamba pale hakuna mti. Chini, muda wote huo, mzizi unanenepa na kujiwekea akiba. Siku mzizi unapotosheka, shina linapanda kwa nguvu na kuvuka kimo cha moto wa nyasi kwa msimu mmoja au miwili.

Mwaka wa tano wa maisha hayo trekta linafika. Afisa anaandika "eneo wazi". Mizizi inang'olewa, na anayeing'oa anapewa cheti cha mazingira kwa kupanda miche ya miezi minne kutoka kwenye viriba vya plastiki. Tuulizane kwa haki: katika hesabu ya siku ile, ni miti mingapi iliongezeka na mingapi iliuawa? Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari letu la misitu halina safu ya kuandika kilicho chini ya udongo.

Moto nao una hesabu zake. Kuna majaribio ya kale karibu na Ndola, Zambia, yaliyoanzishwa mwaka 1933, ambako viwanja vya miombo vilitengwa. Vingine havikuchomwa kabisa, vingine vilichomwa mapema nyasi zikiwa bado na unyevu, vingine vilichomwa mwishoni mwa kiangazi kila kitu kikiwa kikavu. Trapnell, mtaalamu aliyeandika matokeo yake mwaka 1959, alionyesha jambo ambalo mfugaji mzee angekueleza bure: moto wa mwisho wa kiangazi unageuza msitu kuwa mbuga ya nyasi, wakati moto wa mapema unapita chini na kuuacha msitu uendelee. Tofauti ni miezi miwili, mitatu. Sisi tunatoa tangazo moja la redio, "Ni marufuku kuchoma misitu," watu wanangoja giza, na moto unawashwa mwezi wa kumi, wakati mbaya kuliko wote.

Shinyanga ilivyorudi

Anayedhani ninaongea nadharia aende Shinyanga. Miaka ya ukoloni serikali ya Waingereza iliifanya Shinyanga makao ya utafiti wa mbung'o chini ya mtafiti Swynnerton, na vichaka vikafyekwa kwa maelfu ya ekari ili mdudu akose pa kujificha. Baadaye pamba ikadai nafasi yake, ng'ombe wakaongezeka, na Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu mbali na malisho waliyokuwa wakiyatunza wenyewe. Mwalimu Nyerere alipoiona hali ya mkoa huo miaka ya 1980 aliuita jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI.

HASHI nao ulianza kwa vitalu na miche, kama ilivyo ada ya serikali. Miche mingi ilikuwa ya kigeni, na wananchi hawakuishabikia. Mambo yalibadilika pale wataalamu walipokubali kuwasikiliza Wasukuma waliokuwa na utaratibu wao wa zamani: ngitili. Kaya, ukoo au kijiji kinafunga sehemu ya malisho mvua zinapoanza, nyasi na miti vinaachwa vikue, kisha inafunguliwa kiangazi kikikolea, kwa ndama, maksai na ng'ombe dhaifu kwanza. Anayeingiza mifugo kabla ya wakati anajibu mbele ya dagashida, baraza la wananchi, na faini yake haina rufaa ya maneno matamu.

Mwaka 1986 zilibaki hekta zipatazo 600 tu za ngitili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimezidi 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Hakuna kampeni ya kupanda miti ninayoijua hapa nchini iliyofika hapo. Watafiti wakiongozwa na Profesa Monela wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo walipokwenda kupima, walikuta katika ngitili zilizorudi aina 152 za miti, vichaka na mimea itambaayo. Zilitoka wapi? Nyingi zilikuwepo muda wote, visiki na mizizi chini ya kwato za ng'ombe, zikisubiri kuachwa. Watafiti haohao walikadiria faida ya ngitili kwa mtu mmoja kuwa kama dola 14 kwa mwezi: kuni, nguzo, majani ya kuezekea, dawa, asali, malisho. Wanawake walipunguziwa saa kadhaa za kutafuta kuni kwa siku. Saa hizo hazionekani kwenye pato la taifa, lakini muulize binti aliyekuwa akizitembea.

Niger walijifunza jambo hilohilo kwa njia yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Tony Rinaudo, Mwaustralia aliyekuwa akipanda miche iliyokufa mmoja baada ya mwingine mkoani Maradi, aligundua kwamba vile alivyoviona kama vichaka ni visiki vya miti vinavyochipua. Wakulima wakaanza kuchagua machipukizi machache yenye nguvu, kupogolea mengine na kuyalinda. Leo maeneo yaliyorudishwa kwa njia hiyo nchini humo yanakadiriwa kufika hekta milioni tano. Hapa kwetu, Dodoma, shirika la LEAD Foundation linafundisha mbinu hiyo kwa jina zuri la Kisiki Hai. Gharama yake kwa mkulima ni kisu kikali, kitambaa chekundu cha kuufunga mti uliochaguliwa na uvumilivu wa kumfukuza mbuzi. Nadhani ubovu wake pekee ni kwamba haina mche wa kumkabidhi mgeni rasmi.

Mkaa wa mjini, mti wa kijijini

Sasa tufike kwenye jiko. Mwaka 2009 Benki ya Dunia ilikadiria kuwa Dar es Salaam peke yake ilikuwa ikichoma mkaa upatao tani 500,000 kwa mwaka, nusu ya matumizi ya nchi nzima. Tangu hapo jiji limeongezeka watu, na hilo halihitaji mtafiti. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa ifikapo 2034. Ni jambo jema kwa mapafu ya mama zetu. Lakini mwenye mtungi mdogo wa gesi anajua anavyoutumia: chai asubuhi, mayai, kupasha kiporo. Maharage na makande yanarudi kwenye mkaa. Na mtungi ukiisha tarehe 20, mkaa wa kopo ndio unaoivusha familia hadi mshahara.

Kwa hiyo kwa miaka kadhaa ijayo mkaa utaendelea kuingia mjini, upende usipende. Swali lenye maana ni mkaa gani. Mkaa wa kufukuzana na askari usiku unatoka popote: mti wowote, ukubwa wowote, umekatwa usawa wa ardhi au kung'olewa na mizizi, kwa kuwa mkataji hatarudi pale. Mkaa wa namna nyingine upo. Kuanzia mwaka 2012, vijiji vya Kilosa vikishirikiana na mashirika ya uhifadhi wa misitu ya TFCG na MJUMITA kwa ufadhili wa Uswisi vilitenga sehemu ya misitu yao kwa mkaa, vikaigawa vitalu vya meta 50 kwa 50. Kitalu kimoja kinavunwa, cha jirani kinaachwa, kama ubao wa drafti. Mti unakatwa juu kidogo ya ardhi ili kisiki kichipue, miti ya mbao na yenye mizinga inaachwa, na kitalu kilichovunwa kinapumzishwa miaka 24. Ushuru unaingia kwenye akaunti ya kijiji na kutoka kama darasa, zahanati au kisima.

Wapo wanamazingira wenzangu wanaoona haya kuusifia mkaa hadharani. Mimi sioni haya. Msitu unaolipa ada ya shule una walinzi wengi kuliko msitu wenye bango la "Usikate Miti". Usipolipa, unaondoka, na hauondoki kwa mkaa tu. Lindi na Kilwa unaondoka kwa ufuta: kijana anafyeka, anachoma, anavuna misimu miwili mitatu, anahamia mbele. Ukimwambia aache bila kumwonyesha kipato kingine, unamtaka afunge mwaka mzima kwa ajili ya picha yako ya kalenda.

Kilwa hiyohiyo imetoa jibu jingine. Mpingo, mti wetu wa taifa, ule unaotoa klarineti na obo za Ulaya na vinyago vya Kimakonde, huchukua miaka 70 hadi 100 kukomaa. Zamani gogo liliondoka kijijini kwa bei ya soda. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kilwa ilipata cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu, FSC, cha kwanza barani Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na jamii, na vijiji vikaanza kuuza magogo machache kwa mpango, kwa bei inayoonekana. Sheria ya Misitu ya 2002 ndiyo iliyoufungua mlango huo, kwa kukiruhusu kijiji kutenga msitu wake na kubaki na mapato yake. Kwa maoni yangu ni moja ya sheria bora tulizowahi kutunga, na moja ya zile tunazozitumia kwa kunung'unika.

Kisiki hakiokoi kila kitu

Hapa lazima niwe mkweli kwa wanaonipinga. Kuna mimea ambayo kisiki hakitaisaidia, kwa sababu imebaki michache mno. Mti mmoja wenye maua mekundu, Erythrina schliebenii, ulitangazwa mwaka 1998 kuwa umetoweka duniani. Mwaka 2001 ukaonekana tena katika kipande cha msitu Kilwa. Mwaka 2008 eneo hilo likaanza kusafishwa kwa ajili ya mashamba ya nishati ya mimea, mafuta ya mbono ya kuendeshea magari ya watu wa mbali, na ikahofiwa kuwa safari hii mti umekwenda kweli. Mwaka 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliukuta tena, miti michache. Katika tafutatafuta hiyohiyo ukapatikana pia Karomia gigas, mti mrefu ambao Kenya ulionekana miaka ya 1970 kisha ukakatwa. Mbegu za Karomia hiyo zilisafirishwa hadi St. Louis, Marekani, ambako bustani ya mimea ya Missouri imefanikiwa kuotesha miche michache.

Fikiria hilo. Mche wa Lindi unalelewa ndani ya nyumba ya vioo Missouri, na mwenyeji wa Lindi hajawahi kuambiwa kuwa unapatikana nyuma ya shamba lake. Mimea ya namna hii inahitaji ulinzi mkali, vitalu vya kitaalamu, na kupandwa kwa makusudi. Hapo ndipo shimo na mche vina kazi yake halali. Laiti sherehe zetu zingekuwa za miche ya namna hiyo, mimi ningekuwa wa kwanza kubeba ndoo. Wala sina ugomvi na mti wa kigeni kwa sababu tu ni mgeni. Mwembe na mwarobaini vilikuja na jahazi, na shamba la misindano la Sao Hill linatupunguzia presha ya mbao. Shamba ni shamba. Tatizo linaanza pale shamba linapohesabiwa kuwa msitu.

Wamijikenda wa Kenya walikuwa na dawa ya kulinda kilicho kichache. Kaya zao, misitu midogo iliyozunguka maboma ya kale kwenye karibu kilomita 200 za pwani, zililindwa na wazee kwa miiko: hukati, huingii na kiatu, hutoi kitu nje. Mwaka 2008 UNESCO iliziingiza baadhi yake kwenye urithi wa dunia. Wataalamu walipoingia kuorodhesha mimea walikuta ndani ya vipande hivyo aina adimu ambazo kwingine zimebaki jina. Lakini mwiko unahitaji kijana anayeuamini, na bei ya kiwanja cha ufukweni haina imani na mwiko wowote.

Nani atakaa na ufunguo

Kila halmashauri nchini imeagizwa ipande miti milioni 1.5 kwa mwaka. Kenya walitangaza hata siku ya mapumziko, 13 Novemba 2023, watu waende wakapande, katika lengo lao la miti bilioni 15 ifikapo 2032. Ningeomba waziri wetu abadilishe agizo kwa maneno machache tu: halmashauri itoe taarifa ya hekta ngapi za machipukizi ya asili imezilinda, na aina ngapi zimo. Mkurugenzi akijua atapimwa kwa hilo, hatafyeka visiki vya shule kwa ajili ya sherehe. Ofisa misitu anayezijua aina zake atatakiwa tena, badala ya kugeuzwa mkaguzi wa malori ya mkaa kwenye kizuizi. Na karibu nusu ya misitu ya nchi ipo kwenye ardhi za vijiji, kwa hiyo hesabu hiyo haiwezi kufanyika bila mkutano mkuu wa kijiji kukubali.

Hapo ndipo penye kazi ngumu, hata Shinyanga kwenyewe. Ngitili kubwa ni za wenye ng'ombe wengi. Kaya maskini hutegemea ile ya kijiji, ambayo ndiyo ya kwanza kumegwa kunapotakiwa eneo la soko, machimbo au viwanja. Mzee akifariki, ngitili ya ekari ishirini inagawanywa kwa watoto sita, na wawili kati yao wanaishi Mwanza na wanataka fedha taslimu. Mjane anabaki na kipande kisichotosha hata ndama. Hati ya kimila inaweza kuandikwa kwa jina la mzee, la ukoo mzima, au la kijiji, na kila uandishi unampa mtu mwingine haki ya kuuza nguzo kesho. Sijaona wilaya hata moja iliyokaa na wananchi wake ikalijadili hilo kwa utulivu, huku wajane na vijana wakiwa ndani ya chumba.